Mjadala: Kuzeesha sime mpya na kuiuza kama ya kale, ni biashara au ni wizi?

Wakuu, salaam. Nauza mikuki, sime na marungu hapa Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa. Wateja wangu wengi ni watalii wanaorudi kutoka Serengeti: anachukua rungu moja la kutundika ukutani, kwaheri. Halafu kuna wakusanyaji wa silaha za asili. Ni wachache, hawana haraka, na ndio wanaolipa vizuri. Jambo ninaloleta linawahusu hao.

Wiki iliyopita mwenzangu aliniambia: "Unajibana mwenyewe. Mzungu anataka ya kale, mpe ya kale." Wote tulio kwenye kazi hii tunajua maana yake. Sime imetoka kwa fundi juzi. Inapakwa maji ya betri mpaka ishike kutu, inafukiwa kwenye samadi mbichi wiki mbili, ala inaning'inizwa juu ya moshi kisha inasuguliwa mafuta. Ikitoka hapo ni ya babu aliyepigana na Wajerumani, na bei imepanda mara nne.

Mimi nasema ni wizi, na anayeibiwa kwanza ni mhunzi.

Miaka mitatu nyuma nililipia meza kwenye maonesho ya utalii. Ada, usafiri, kijana wa kunisaidia, vyote kutoka mfukoni kwangu. Siku mbili watu walipita, wakashika, wakapiga picha, wakaondoka. Siku ya tatu akaja mzee mmoja mkusanyaji, akaanzia meza ya jirani. Alichomoa sime "ya kale", akainusa. Akainua kidogo ngozi ya mpini kwa ukucha: chini yake chuma kinang'aa, mistari ya grainda imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Akageuza ala, akapitisha kidole kwenye mshono. Uzi wa nailoni. Hakugomba. Aliirudisha mezani taratibu, akapita safu nzima bila kugusa kitu tena. Meza yangu haikuwa na hata kipande kimoja cha uongo, lakini nayo aliipita. Nilirudi nyumbani na mzigo wote.

Mwaka uliofuata mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: mkuki huu kaufua nani? Ulikuwa mpya, umetoka Mamba, upande wa Marangu, ambako wahunzi wa Kichagga wamewafulia Wamaasai mikuki tangu enzi za mababu. Nikampigia fundi palepale, nikaweka spika. Akaeleza alivyokata springi ya gari, alivyofua ubapa wa juu na kile chuma kirefu cha chini, na kwa nini kipande cha mti katikati ni kifupi. Mama alichukua miwili na hakuomba kupunguziwa. Jioni fundi aliniuliza mara tatu kama ni kweli mgeni ameandika jina lake.

Tusisahau na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Ukimwambia mgeni sime ina miaka 200, umemtwisha kesi ya uwanja wa ndege. Ngao ndiyo mbaya zaidi. Za asili zilikuwa za ngozi ya nyati, na ngozi ya nyati bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Kuna watu wanatengeneza ngao ya ngozi ya ng'ombe kisha wanaapa ni nyati ili bei ipande!

Naomba maoni, hasa ya wanaozeesha.

Jibu, kutoka Moshi: Kaka, mimi nazeesha na sioni haya. Aprili na Mei mvua inanyesha, mgeni hakuna, pango la kibanda linadaiwa, ada za watoto zinadaiwa. Mkusanyaji huyo huyo akifika kwao anauza kwa mara kumi, mbona yeye humwiti mwizi? Tena silaha halisi za babu zetu zilibebwa bila hata senti. Mangi Meli, mtawala wetu wa Kichagga, Wajerumani walimnyonga hapa Old Moshi mwaka 1900, na mpaka leo wajukuu wanatafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Leo mimi ndiye nifundishwe uaminifu kwa ajili ya maji ya betri?

Jibu, kutoka Monduli: Mimi ni Mmaasai, sime naivaa kila siku, ni chombo cha kazi. Ikiisha makali nanunua nyingine mpya. Ya marehemu baba ipo nyumbani, na hiyo haiuzwi kwa bei yoyote. Ninyi wauzaji mnabishana wenyewe kwa wenyewe. Hao mafundi mmewauliza?

Mwenye mada: Ndugu wa Moshi, kwa Mangi Meli umenigusa, na hapo ndipo ninaposhikilia neno langu. Ukiitoa sime kwenye samadi ukasema ni ya wapiganaji wake, unaliuza jina lake pamoja na ile sime. Kuhusu Aprili na Mei sina dawa, nami kibanda kinanidai miezi hiyo hiyo. Lakini mkuki wa fundi anayejulikana niliuuza bila kupunguza, na sime ya uongo ya jirani ilinifungia safu nzima.

Ndugu wa Monduli, hapana, sijawauliza. Nilikuwa nimepanga karatasi ndogo ya kufunga kwenye kila mkuki: jina la fundi, kijiji, mwaka. Nilikuwa naziandika mwenyewe. Jumamosi napanda gari la Marangu, nakwenda Mamba na karatasi zikiwa tupu. Watakachosema nitakileta hapa hapa, hata kama ni kunikatalia.