Mkate unamegukia majini, nifanyeje nimpate sato?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaovua sato kwa ndoana Ziwa Victoria. Huku Mwanza nimezoea minyoo, ila kiangazi hiki ardhi imekauka, nachimba nusu saa napata mitatu tu. Nikahamia kwenye mkate. Nachukua ule ulaini wa ndani, naukanda kwa maji kidogo, nafinyanga kidonge kama punje ya mahindi mpaka ncha ya ndoana isionekane. Nikirusha tu unalowa, furu, wale samaki wadogo, wanaudonoa, boya linatikisika, navuta ndoana tupu! Jana nimepata mmoja wa kiganja, nikamrudisha. Je, nichanganye na unga wa ngano au ugali? Mkate uliolala unashika zaidi? Na nimwage makombo kwanza, au nitawashibisha bure?