Ukoo wa Lushoto na Same: Upendo na vyuo viwili

*Mama Upendo:* Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Upendo amechaguliwa vyuo viwili. Chuo Kikuu cha Arusha, kile cha Wasabato, wamempa ualimu. Makumira, cha Walutheri, wamempa muziki. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanataka athibitishe kimoja tu kwa ile namba ya siri iliyoingia kwenye simu, na siku zinakaribia kuisha. Baba yake kasema tuwasikie kwanza.

*Babu Lushoto:* Marahaba. Mnajua Makumira ilikotoka? Ilianzia huku kwetu Lwandai, 1947, chuo cha wachungaji. 1954 ndipo ikahamia Meru. Mjukuu wangu akienda kule hajaenda ugenini.

*Mjomba Same:* Shikamoo mzee. Nasi Upareni Usabato tunao tangu 1903, kwa hiyo mtoto ana kwao pande zote mbili. Ila leo mtanishangaa. Mimi mzee wa kanisa la Kisabato nasema aende Makumira.

*Mama Upendo:* Kaka!!

*Mjomba Same:* Nisikilize dada. Makambi ya kanisa mwaka jana umeme ulikatika katikati ya wimbo, kinanda kikazima. Huyu mtoto akainuka palepale, akawa anawapa watu sauti kwa mdomo, soprano, alto, anageukia tena na besi, mkono mmoja hewani. Wakamaliza wimbo wote, hakuna aliyepotea. Shahada ya muziki nchi hii vyuo vinavyoitoa ni vya kuhesabu. Na Sabato yake tumemlea nayo nyumbani, haitegemei geti la chuo.

*Shangazi Muheza:* Mjomba, kwa heshima zote, hapo nakupinga. Mimi Mlutheri nasema aende Arusha. Nilisoma chuo kimoja, sikitaji, na rafiki yangu Msabato. Jaribio likapangwa Jumamosi. Akaandika barua, akazungushwa ofisi hii na ile, mwishowe akawekewa sifuri. Alilia chumbani hadi sisi tusioshika Sabato tukalia naye. Imani alikuwa nayo, mjomba, tena nyingi kuliko mimi. Kilichomchosha ni kuidai kila muhula.

*Mjomba Same:* Hilo ni zito. Siwezi kulipuuza.

*Shangazi Muheza:* Na kule Arusha naye ajue: Jumapili kwao ni siku ya kazi. Sisi wa upande wa baba tusimpigie simu saa nne asubuhi tukishangaa hapokei.

*Baba Mdogo Chumbageni:* Nauli isiwagombanishe. Vyote viko Usa River, basi la Arusha ukilipanda stendi ya Kange hapa Tanga linakupitisha hapo kabla hujafika mjini. Mavazi na pombe nako msipoteze muda, vyote ni vyuo vya kanisa. Tuangalie ada. Bodi ya Mikopo ikimpa, si lazima igharamie ada yote, kinachobaki ni sisi hapa. Na akija kuajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe. Basi tuulize: akitoka, anakatwa kutoka mshahara upi?

*Mama Upendo:* Ndiyo hofu yangu hiyo shemeji. Muziki utamlisha?

*Mjomba Same:* Kwa nini usimlishe? Mtaala ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani masomo ya vitendo, na sanaa zimo. Shule zitahitaji walimu wa muziki waliousomea kwelikweli.

*Shangazi Muheza:* Zitahitaji, sikatai. Lakini na sisi walimu wa masomo ya kawaida tunasubiri ajira miaka. Msimpe mtoto ahadi ya kazi kwenye chuo chochote kati ya hivi. Achague anachoweza kukisoma miaka mitatu bila kuvunjika moyo.

*Baba Upendo:* Tumeongea sana na mwenyewe yumo humu anasoma. Upendo, andika mwanangu. Usiogope mtu.

*Upendo:* Shikamooni babu, mjomba, shangazi, wote. Asanteni. Mjomba, umenitoa machozi na ile habari ya makambi. Lakini mimi nataka kufundisha. Nilipojitolea shule ya msingi hapa Makorora baada ya kumaliza form six, nilikuwa nasikia raha kuamka asubuhi. Kinanda nitaenda nacho popote. Alichosema shangazi ndicho nilichokuwa naogopa kukisema mbele ya mama, angedhani sina imani. Sitaki kuandika barua ya kuomba Jumamosi yangu kila muhula. Naomba niende Arusha. Na kwa kuwa Makumira ni jirani, nitatafuta mtu wa pale anifundishe kusoma nota vizuri, maana mimi napiga kwa kusikia tu.

*Mama Upendo:* Mwanangu.

*Babu Lushoto:* Basi nenda. Nitakuombea huku Lushoto. Hao wa Makumira nao uwasalimie.

*Mjomba Same:* Nimekubali. Kitabu cha nota nitakununulia mimi.

*Baba Mdogo Chumbageni:* Thibitisha usiku huu, mtandao ukiwa mwepesi. Halafu nitumie joining yenyewe, yale maelekezo ya kujiunga, nitoe humo akaunti ya chuo. Mtu akikupigia kukupa namba nyingine ya kulipia, kata simu.

*Upendo:* Nimethibitisha sasa hivi baba mdogo, TCU wamejibu. Joining naituma. Kuna fomu ya afya, inataka muhuri wa hospitali.

*Shangazi Muheza:* Ya afya niachie mimi, kesho nakuja Tanga mjini, twende wote hospitali ya Bombo. Na sweta utafutiwe, Meru si Makorora.