Jeki na stendi za HiAce ya kulalia, ninunue zipi?

MamaTembezi, Moshi

Wakuu, habari za humu ndani. Nina HiAce ya fowili, ile bodi ndefu. Tumeigeuza ya kulalia. Nyuma kuna kitanda cha mbao, tangi la maji la lita 60, betri ya pili na friji ndogo, na juu ya keria kuna hema la kijana wetu mkubwa, maana siku hizi anasema baba yake anakoroma.

Mwezi uliopita tulitoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, kule Ziwa Natron. Hatujafika kijijini, jiwe likachana tairi la nyuma kushoto, tena ubavuni, si pancha ya kuziba. Baba watoto akatoa jeki ya mkasi iliyokuja na gari. Ardhi ya pale ni majivu ya Ol Doinyo Lengai, ukikanyaga unaacha shimo. Akazungusha weee, gari halipandi. Kumbe jeki yenyewe ndiyo inazama. Tukaiwekea jiwe bapa chini, ikapanda vizuri, tairi likatoka. Spea haijaingia bado, lile jiwe likapasuka vipande viwili, jeki ikalala, na ngoma ya breki ikatua vumbini. Mkono wa baba watoto ulikuwa nje kwa sababu alikuwa anafukuza nzi usoni. Sitanii. Nzi wa Natron ndiye aliyeokoa vidole vyake.

Tuliondoka pale kwa msaada wa vijana wawili waliokuwa wanachunga mbuzi. Walileta gogo tukalitumia kama wenzo, wao wananing'inia upande mmoja, sisi tunasukuma spea upande mwingine.

Sasa nataka jeki ya maana na stendi mbili za kushikilia gari likishanyanyuliwa, maana baba watoto anapenda kuingia chini ya gari kukagua. Duka la kwanza wameniambia tani 10 ndiyo mwisho wa matatizo. La pili wananiuzia ile ndefu ya chuma yenye matundu, kama wanazofunga kwenye Land Cruiser za watalii. Stendi nimeona za tani 3 na za tani 6. Gari tumelipima kwenye mizani ya ghala la mahindi likiwa limejaa na sisi tumo ndani, likasoma kilo 2,640. Magurudumu ya nyuma peke yake yakasoma 1,480. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Kichwa_Ngumu

Chukua tani 20 mama, umalize kabisa.

BabuSpana, Arusha

Mama Tembezi, pole sana, na mpe pole mzee. Huyo wa tani 20 msamehe, hajawahi kuibeba.

Mimi nina gereji Unga Limited, na wateja wanaokuja wanajua gari lao lina uzito gani nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wewe umepima. Basi twende na hesabu yako. Nyuma kilo 1,480. Ukinyanyua gurudumu moja, jeki inabeba karibu nusu yake, yaani 740. Tuseme 900, kwa sababu gari likiinama uzito unahama. Hata jeki ya tani 2 inabeba hiyo huku inacheka. Kwa hiyo habari ya tani 10 weka pembeni. Gari lako si zito. Lina uvungu mfupi, na uliliegesha kwenye majivu.

Tuanze na huo uvungu. Chukua futi kamba, toa upepo wote kwenye tairi la nyuma, gari likiwa limejaa mizigo kama siku ya safari. Pima kutoka chini hadi tumboni mwa ekseli, karibu na springi. Tairi likiwa zima, HiAce inakupa sentimita 28 au 29 hivi. Likishalala utajikuta kwenye 19 au 20. Sasa nenda dukani na futi hiyo hiyo upime jeki ya chupa, ile ya mafuta inayosimama kama chupa, ya tani 10 ikiwa imefungwa kabisa. Utakuta 22, pengine 23. Haiingii! Jeki za chupa, tani zikiongezeka na kimo kinaongezeka, na watu wengi hulijua hilo wakiwa porini. Kuna dereva aliwahi kunisimulia alivyochimba shimo chini ya ekseli kwa kutumia mfuniko wa sufuria ili jeki yake mpya ya kifahari iingie. Saa nzima. Abiria wamekaa kwenye kivuli wanamwangalia.

Kwa nini nakwambia ekseli na si chasisi? Nyuma HiAce ina ekseli moja ngumu imefungwa kwenye springi za majani. Ukinyanyua kwenye chasisi, ekseli inabaki inaning'inia, springi zinajikunjua, unapampu mpaka shati linaloa na tairi bado linagusa chini. Ukiweka jeki chini ya ekseli, ukishapandisha kiasi tairi lilicholala na kidogo juu yake, spea inaingia. Kadiri gari linavyonyanyuka kidogo ndivyo lisivyoyumba. Usiweke jeki chini ya lile tumbo la difu katikati, pale penye gia za kugawia magurudumu nguvu, kwa chupa moja gari litabembea kama mizani ya sokoni.

Mbele ni habari nyingine. Hakuna ekseli ya kupita, kila gurudumu lina mikono yake, na kuna fimbo ndefu mbili zinazokimbia chini kuelekea nyuma. Zile ndizo springi zako za mbele. Mtu asiyejua huona chuma kinene akaweka jeki pale. Usithubutu. Mbele tumia sehemu ya chasisi iliyochorwa kwenye kitabu cha gari, na hapo ndipo utahitaji jeki inayopanda juu zaidi. Ndiyo maana ushauri wangu ni jeki ya chupa ya shingo mbili, ile ambayo shingo moja inatoka ndani ya nyingine, tani 3 au 4 inatosha, mradi ikifungwa isizidi kipimo ulichopata kwa tairi lililolala.

Ile ndefu yenye matundu, wazee wengine bado wanaiita Tanganyika jeki. Ni chombo kizuri kwa Land Cruiser yenye bampa la chuma au ngazi za pembeni za chuma. HiAce yako utaishika wapi? Bampa ni plastiki, pembeni ni bati. Ile ya inchi 48 ina kilo 13 hivi, na wakati wa kushusha mpini wake usipoushika vizuri unarudi kwa nguvu. Nimeona taya la mtu.

Stendi sasa. Hapa ndipo nataka utumie hela. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia mtu akiwa chini. Orini moja, yaani pete ya mpira ya ndani ya jeki, ikikatika, gari linashuka bila kukupigia hodi. Za tani 3 kwa kawaida zinaanzia sentimita 28 hivi hadi 42, za tani 6 zinaanzia 39 hadi 60. Ukiangalia utaona za tani 6 watu hawazinunui kwa ajili ya uzito, wanazinunua kwa ajili ya urefu, waweke chini ya chasisi ya gari refu. Wewe ukiweka chini ya ekseli, tani 3 zinakutosha na ni nyepesi kubeba. Soma maandishi vizuri. Zipo zilizoandikwa tani 3 na maana yake ni tani 3 kwa mbili zote, si kwa kila moja.

Kuna za meno na za pini. Za meno ni haraka, lakini mwaka 2020 kule Marekani stendi nyingi za meno ziliitwa zirudishwe dukani baada ya kuonekana meno yanaweza kuachia stendi zikiwa na mzigo. Mimi kwenye gereji yangu natumia za pini. Pini nene ikipita kwenye tundu unaiona kwa macho, huna haja ya kuamini.

Chini ya jeki weka ubao. Mninga wa inchi mbili, sentimita 30 kwa 30, au vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyogundishwa huku nyuzi zimepishana. Hukumu ya jiwe umeshaiona. Na tofali la bloku ni baya kuliko jiwe, lile halipasuki polepole, linageuka unga mara moja. Kumbuka tu kwamba huo ubao nao una inchi mbili, kwa hiyo kama uvungu ni 19, ama uuzamishe kwanza kwenye vumbi, ama upandishe gurudumu lililopasuka juu ya ubao mwingine kwa kulisogeza gari taratibu, halafu ndiyo uweke jeki.

Mlima_Kenya_254

Mzee amemaliza, mimi naongeza moja tu kutoka Nanyuki. Dadangu, nati zilegezwe gari likiwa bado chini, na kabari ziwe kwenye magurudumu ya mbele, pande zote mbili za gurudumu. Handibreki ya HiAce inashika magurudumu ya nyuma. Ukishanyanyua moja, umebaki na moja linashika gari nzima, na hilo liko kwa vumbi.

Mimi nina Land Rover Defender, na yetu ni mbaya zaidi. Handibreki haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliacha lizunguke hewani, na la chini linazunguka upande wa pili. Gari inaondoka na wewe ukiwa umevuta breki hadi mwisho. Yangu ilitembea hatua tatu ikaangusha jeki, bibi yangu ameshika sufuria ya chai. Tangu siku hiyo nafunga difu ya katikati kabla sijatoa jeki kwa boksi, na kabari nimechonga mbili kwa mbao ya posti ya ua.

SafariZaBei

Je, ule mfuko wa hewa unaojazwa na moshi wa ekzosi? Nimeona kwenye video, mchangani unapanda kama mchezo.

BabuSpana, Arusha

Mchangani tupu unafaa kweli, unatandaza uzito. Ila tembea mita kumi kutoka barabarani huko Longido uhesabu miiba ya migunga kwenye soli ya kiatu chako. Halafu gari likiwa juu ya puto linayumba, stendi lazima vilevile.

Mlima Kenya, hiyo ya Land Rover ni kweli kabisa, nimefukuzana nazo.

MamaTembezi, Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Nimerudi na majibu.

Tumetoa upepo, tumepima. Sentimita 19 na nusu. Jeki ya tani 10 niliyokuwa nimeshaishika mkononi ilikuwa 22 na kitu, ningekuja kulia hapa. Kaka yangu alikuwa Dar, nikamwagiza Kariakoo, mitaa ya Gerezani, nikamwambia aende na futi. Wauzaji walimcheka kwanza. Amepata ya shingo mbili, tani 4, ikifungwa ni 18 na nusu. Stendi za tani 3 za pini amezikuta duka la tatu. Duka la kwanza waliandika tani 3, alipowabana wakakubali ni kwa jozi.

Ubao tumechonga wa mninga, na Babu, ulichosema ni kweli, ubao na jeki pamoja havikuingia chini ya ekseli tairi likiwa limelala. Tumetengeneza kipande kingine kama ngazi fupi, tairi bovu linapanda hapo kwanza. Jumamosi tumefanya mazoezi uani tairi likiwa halina upepo kabisa. Mara ya kwanza dakika 41, mara ya pili 22. Kijana ndiye mwenye kazi ya kabari, na anazigonga kwa kisigino kila mara kuhakikisha, hata tusipomwambia.

Stendi baba watoto anataka kuziacha nyumbani, anasema kilo zinaongezeka. Mimi sitaki.

BabuSpana, Arusha

Marahaba. Bebeni. Kama mnabadilisha tairi tu, lazeni lile tairi lililotoka chini ya chasisi, jeki ikiteleza gari litue juu yake na si juu ya ngoma. Lakini kama namjua mzee wa aina hiyo, atasikia mlio shimoni na ataingia chini. Stendi ziende.

MamaTembezi, Moshi

Umemjua bila kumwona. Swali la mwisho. Jeki nimeilaza chini ya kitanda kwenye kona, na naona kama kuna mafuta mafuta kwenye mkeka. Ni mbovu?

BabuSpana, Arusha

Si mbovu, umeilaza. Isimamishe na uifunge kwa kamba, vali ikiwa imekazwa. Kabla ya safari fungua vali, pampu mara kumi ikiwa haina mzigo, hewa itoke, kisha kaza. Mafuta yakipungua ongeza ya jeki, usiweke ya breki hata ukibembelezwa, yanakula mipira. Na mkeka utoe juani, harufu hiyo haitoki haraka.