Laki nne nimelipa, mdogo wangu katokea ukutani kama mshtakiwa

MjukuuWaBiHawa:
Wakuu, salamu baadaye. Yule jamaa wa picha, yule yule, asiyevua kofia hata msibani, msinilazimishe nimtaje. Nimempa laki nne kwa sendofu ya mdogo wangu. Nikamwambia weka kwenye flashi. Akasema flashi ushamba, atanitumia linki, "nimezibana ziwe nyepesi". Kamera yake inatoa picha ya nukta 6000 kwa 4000, yeye kaishusha mpaka 480 kwa 320. Stempu!

Sasa ukumbini. Taa zimezimwa, vigelegele, MC anapiga kelele "mwali wetu huyooo!" Linki ikafunguka. Yakatoka maboksi. Boksi la kahawia, boksi jeusi, jekundu pale pa mdomo. Mtandao ukakata hapo hapo. Watu mia mbili tunatazama vigae vya choo. Kimya kimetanda, mama wa bwana harusi akauliza: "Mbona mmemziba uso kama mshtakiwa wa taarifa ya habari?"

Mshtakiwa, wakuu! Binti wa watu hajawahi hata kuvuka barabara vibaya!

FundiRedio:
Hiyo ni JPEG ya hatua kwa hatua, mkuu, faili la picha linalofunguka kidogo kidogo. Picha inagawanywa vigae vya nukta 8 kwa 8. Hatua ya kwanza inaleta wastani wa rangi wa kila kigae tu, undani unafuata nyuma. 480 kwa 320 ni vigae 60 kwa 40, uso wake hapo umeambulia vichache. Angeiacha 6000 kwa 4000, hatua hiyo hiyo ingetoa picha ya 750 kwa 500 na mama angemtambua mwali. Kiwango chenyewe cha JPEG ni cha 1992, hakina kosa.

MjukuuWaBiHawa:
Nani kakuuliza 1992? Mimi nimeulizwa MSHTAKIWA.

Kisonoko:
Laki nne halafu hukujaribu projekta mchana. Mshtakiwa ni wewe.

BabaTatu:
Afadhali vigae. Yangu ilikuwa ile inayoshuka kutoka juu, mtandao ukakata kwenye kilemba. Mwaka wa tano huu, shemeji zangu wanasema nimeoa kilemba.

Dada_wa_Tandika:
😂😂 Kilemba hakijibizani lakini.

Msaka_Tonge:
Nyie mna raha. Mimi natuma maombi ya kazi, mfumo hautaki picha izidi KB 100. Nikabana, nikahifadhi, nikabana tena, mara saba. Jana nimefika usaili, wananiambia aliye kwenye picha si mimi.

FundiRedio:
Kila ukihifadhi upya, JPEG inatupa kitu. Rudi kwenye picha ya mwanzo, ibane mara moja tu.

Msaka_Tonge:
Ya mwanzo nilifuta, simu imejaa.

Kisonoko:
Imejaa "habari za asubuhi" zenye maua.

MjukuuWaBiHawa:
Jamani uzi wangu. Mama yule alisema mshtakiwa, na kipaza sauti kilikuwa karibu.

Dada_wa_Tandika:
Pole. Watu mia mbili, pilau ilitosha?

MjukuuWaBiHawa:
Iliishia meza ya kumi na mbili.

BabaTatu:
Usiniambie wapishi ni wale wa kirikuu cha bluu.

MjukuuWaBiHawa:
Hao hao!! Unawajua?

BabaTatu:
Kwangu walileta masufuria mawili, moja lina maji ya kunawa. Fungua uzi wao, nakuja na risiti.