Mahakama ya Kadhi ikirudi Bara, nitapata fungu langu la kihamba?

Binti Njoro, Moshi: Juzi baada ya tarawehe tulibishana kina mama hadi chai ikapoa: kadhi arudishwe au basi? Nasema arudishwe. Baba alizikwa Kiislamu, akasomewa hitima, kisha ukoo ukakaa: kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, ni cha kaka. Sisi mabinti watatu tukaambiwa, "Mmeolewa, mna kwenu." Qur'ani inampa binti nusu ya fungu la kaka yake. Mila imenipa sufuria mbili. Mahakama ya mwanzo nayo ikauliza marehemu aliishije, kidini au kimila? Baba alifunga Ramadhani kila mwaka na akapalilia kahawa kwenye shamba la babu yake. Sasa hapo mtu ajibuje?

Mkaa Kaloleni, Arusha: Pole dada. Lakini kadhi yupi? Wa Bakwata, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wapo hadi mikoani, ila uamuzi wao hauna meno, asiyetaka haendi. Tanganyika ilipounganisha mahakama mwaka 1963, za maliwali, waliohukumu Waislamu, zilifungwa pamoja na za machifu. Wanaosema tulionewa Waislamu peke yetu wanasahau kidogo. Hata mangi, chifu wa Wachagga, alinyang'anywa kiti chake. Tofauti ni kwamba sheria ya mangi ilibaki kihambani hata bila mangi wa kuilinda.

Mlutheri wa Machame: Sina chuki, shemeji zangu ni Waislamu. Ila Katiba ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kodi yangu imlipe kadhi kwa nini? Muswada wa kadhi ulipofika bungeni 2015 tuliupinga, ukaondolewa.

Ustadhi Pasua: Meku, Wakenya wameweka kadhi kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 170, na wengi waliopiga kura ni Wakristo. Mbona hawajasilimu?

Mlutheri wa Machame: Kenya ilirithi ahadi, ustadhi. Ule ukanda wa pwani yao wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akaushika kwa mkataba wa 1895, na kadhi alikuwa humo. Pwani yetu Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4 wakaichukua moja kwa moja. Na huku mlimani Sultani hakututawala hata siku moja.

Ustadhi Pasua: Na Zanzibar? Jamhuri ni moja, kadhi wanaye kwa sheria ya nchi.

Binti Njoro, Moshi: Mmehamia kwa Sultani, mimi niko kihambani. Baba zangu wadogo waliotoa kauli ile kikaoni ni watu wa safu ya kwanza msikitini. Ndoa ikifika wanataka sharia, ardhi ikifika wanakumbuka Uchagga. Ustadhi, kadhi akija si atatoka humohumo kwenye safu hiyo?

Ustadhi Pasua: Kadhi mcha Mungu hapindishi mafungu.

Binti Njoro, Moshi: Na kama kwenda kwake ni hiari, kaka atakwenda akapunguziwe shamba?

Mkaa Kaloleni, Arusha: Dada, mzee hakuacha hata mstari mmoja kwamba mali yake igawiwe Kiislamu? Hapo mahakama isingehangaika kupima maisha yake.

Binti Njoro, Moshi: Tulimwomba mara mbili. Alisema karatasi ya wosia inaita kifo. Rufaa yangu inasikilizwa mwezi ujao.