Tupeane uzoefu: mpira wa kichwani uliziba, mtoto akapasuliwa kwa kamera

Mama wa Kadutu (Bukavu): Wapendwa, wenye watoto wa maji kichwani naomba tuongee. Wangu alipata homa kali akiwa na wiki mbili, baadaye kichwa kikaanza kukua. Akawekewa mpira wa kuteremsha maji, ule unaopita nyuma ya sikio chini ya ngozi mpaka tumboni. Miezi minne tukalala usingizi. Halafu akaanza kutapika kila asubuhi. Tulipokwenda kwanza wakasema malaria. Mama mkwe akasema ni mkono wa mtu. Mimi nilikuwa nampima kichwa kwa futi ya fundi cherehani na kuandika kwenye daftari: wiki moja kiliongezeka sentimita 2. Macho nayo yakawa yanatazama chini, weupe unaonekana juu ya mboni. Nikajua mpira umeziba.

Tulivuka Ruzizi, Kigali, Kampala, hadi hospitali ya CURE pale Mbale, Uganda. Njia nzima ananitapikia kitenge. Hawakumwekea mpira mwingine. Daktari alinichorea kwenye karatasi: kamera nyembamba inaingia pembeni ya utosi, wanatoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia humo humo ndani, kisha wanachoma tishu zinazoyatengeneza ili yapungue. Waliponirudishia mtoto nilipapasa utosi. Kabla ulikuwa umevimba, mgumu kama ngozi ya ngoma. Sasa ulikuwa umetulia, laini. Nililia mbele za watu. Huu ni mwezi wa nane tangu apasuliwe. Ninyi mmepitia nini?

Muuguzi wa Himbi (Goma): Pole mama, na asante kwa hilo daftari. Kwa mtoto mwenye mpira, kutapika na usingizi usio wa kawaida visiitwe malaria mpaka mpira uangaliwe. Akiwa na homa pia, huenda umeingiwa na vijidudu. Ni safari ya usiku huo huo, si ya Jumatatu. Njia hiyo ya kutoboa na kuchoma kwa pamoja ilikuzwa hapo hapo Mbale na daktari Mmarekani, Benjamin Warf, kwa sababu mtoto wa kijijini mpira ukiziba hana pa kukimbilia. Lakini tusiseme mpira ni mbaya. Utafiti wa watoto 100 wa Uganda uliochapishwa 2017 uliona kwamba baada ya mwaka mmoja ukuaji wa akili wa waliowekewa mpira na wa waliotobolewa na kuchomwa haukutofautiana sana.

Baba wa Katuba (Lubumbashi): Wetu alizaliwa na mgongo wazi. Mpira uliziba mara mbili. Tukavuka Kasumbalesa kwenda Zambia, wakamtoboa kwa kamera. Tulifurahi mno, nikaacha kumpima. Mwezi wa pili baada ya hapo utosi ukavimba tena: tundu lilikuwa limejifunga. Amerudishiwa mpira, anakaa mwenyewe, anaita "tata". Simlaumu daktari, alitueleza mapema kwamba miezi sita ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi. Ni mimi nilisikia "amepona" mahali aliposema "tutaangalia".

Dada wa Ndosho (Goma): Mpira wa mwanangu umeziba juzi, tunakusanya nauli. Nibebe nini?

Mama wa Kadutu: Dada yangu, nauli msiingoje mkiwa nyumbani. Mpelekeni leo hospitali yenye daktari wa upasuaji, hata kama Mbale mtaenda baadaye. Ukifika sema kwanza "ana mpira kichwani", kabla ya kusema anatapika. Beba karatasi ya siku alipowekewa, picha zote za kichwa hata za zamani, na namba za vipimo vyako zenye tarehe. Mbale daktari alishika daftari langu akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa. Baba wa Katuba, umenitia woga lakini asante. Nilikuwa nimeanza kuruka wiki. Nimempima sasa hivi akiwa amelala: 49, kama Jumapili.