Ulinganisho: mafuta ya taa, kostiki, moto au dawa ya kopo kwa masizi ya inteki na EGR ya dizeli?

Kigamboni_Dizeli

Wakuu, habari za jioni. Nina pikapu ya dizeli ya lita 2.5, yenye turbo na mfumo wa komoni reli, ambayo imekwisha kutembea kilomita 214,000, na sehemu kubwa ya safari zake za miaka ya karibuni ni kusimama kwenye foleni ya pantoni ikinguruma. Tangu mwezi uliopita imekuwa nzito kupanda mlima, inatoa moshi mweusi nikikanyaga mafuta, na taa ya injini inawaka na kuzimika. Jumamosi nilifungua mpira unaotoka kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), nikaingiza kidole mdomoni mwa inteki, yaani mfereji unaoingiza hewa kwenye silinda, nacho kikatoka kimevikwa uji mweusi mzito kama lami. Tundu ambalo nilitarajia lipitishe vidole vitatu lilikuwa limebaki la kidole gumba peke yake.

Inteki, bomba la EGR (mfumo wa kurudisha moshi wa ekzosi kwenye inteki) na valvu yake nimekwisha kuvifungua, vimelala juu ya magazeti barazani, na mke wangu ameuliza mara mbili vitaondoka lini. Njia nilizotajiwa ni nne: kuloweka kwenye mafuta ya taa, kuloweka kwenye maji ya kostiki soda, kuchoma moto hadi masizi yageuke majivu, na kupuliza dawa ya kopo ya kusafishia kabureta. Kila aliyenishauri aliapa kwamba yake ndiyo njia na nyingine ni kupoteza muda. Naomba mwenye uzoefu anieleze ipi inafaa kwa kifaa kipi, na ipi itaniharibia mali.

FundiMbagala

Ndugu, umefanya vizuri kuvifungua, maana wengi hutafuta dawa ya kuwaepusha na spana. Kabla ya kuchagua dawa, yatazame masizi yenyewe. EGR hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye hewa inayoingia, ili joto la mwako ndani ya silinda lipungue na gesi za oksidi za naitrojeni zisizalishwe kwa wingi. Moshi huo unapokutana na mvuke wa oili unaokuja kwa mpira wa kupumulia injini, vinagandana. Kwa hiyo ndani ya inteki, ambako ni baridi kidogo, utakuta uji laini uliojaa oili, ilhali ndani ya bomba la EGR, lililo jirani na moto, utakuta ukoko mkavu ambao ukiugonga kwa bisibisi unalia kama kigae.

Hivyo ni vitu viwili tofauti na havitibiki kwa dawa moja. Kaboni yenyewe haiyeyuki kwa mafuta ya taa, wala kwa petroli, wala kwa dawa ya kopo. Kinachoyeyuka ni oili na lami iliyoishikamanisha. Ndiyo sababu mtu mmoja atakuambia mafuta ya taa ni muujiza na mwingine atakuambia hayafai hata kidogo, na wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa mmoja alisafisha inteki na mwenziwe alisafisha bomba.

Mimi huanza kwa kuchota. Nachonga mwiko wa zamani wa mbao uwe na ncha bapa, nachota uji wote unaofikika, kisha ndipo naloweka inteki kwenye karai la mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli kidogo, usiku kucha na mchana wake. Ukiloweka bila kuchota, mafuta yanachafuka ndani ya saa moja, na kuanzia hapo unaloweka masizi ndani ya masizi. Baada ya hapo ni brashi ya kuoshea chupa, maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, kisha kausha kwa kompresa. Usitumie brashi ya waya kwenye uso unaokaa gasketi, na kabla ya lolote ng'oa sensa ya mgandamizo wa hewa iliyo juu ya inteki.

Mzee_Msanvu

Naona mnazunguka. Mimi niliweka bomba la EGR kwenye ndoo ya maji ya kostiki, nikaenda sokoni, niliporudi ukoko ulikuwa umelegea wote na kwa brashi ukatoka vipande vipande. Mafuta ya taa yangechukua wiki. Kostiki ndiyo njia, na inapatikana popote wanapouza vifaa vya kutengenezea sabuni.

DadaKemia

Mzee wangu, shikamoo. Kwa bomba lako ninakubaliana nawe, kwa sababu bila shaka lilikuwa la chuma, na chuma hakidhuriwi na kostiki kwa muda huo mfupi. Ila nina hofu kwamba mwenye mada atasoma ujumbe wako na kutumbukiza inteki yake, ambayo kwa magari mengi ya namna hiyo ni ya alumini. Alumini ikikutana na maji ya kostiki inaliwa: maji yanachemka yenyewe, yanatoka mapovu ya gesi ya hidrojeni inayowaka kwa cheche ndogo tu, na kifaa kinabaki cheusi chenye vishimo. Uso wa gasketi ukishapata vishimo, hewa itavuja hata ukaze boliti kiasi gani. Dawa nyingi za kusafishia jiko la oveni zina kemikali hiyohiyo, kwa hiyo anayekwambia “tumia ya oveni, ni laini” amebadilisha chupa tu.

Kipimo chepesi ni sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinasa, hiyo si alumini. Isiponasa usiharakishe kuhukumu, kwa sababu baadhi ya aina za chuma cha pua nazo hazinasi. Kitendee kifaa hicho kama alumini mpaka upate uhakika.

Na kwa atakayetumia kostiki kwenye chuma: jaza maji kwanza, kisha nyunyiza kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, maji yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani ya kukinga macho pande zote, fanyia kazi nje, wala usitumie karai la alumini, kosa ambalo nimeliona kwa macho yangu: karai lilitoboka kabla kifaa hakijasafishika. Ikikudondokea mwilini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, na ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo huku mtu akikutafutia usafiri wa hospitali.

Mzee_Msanvu

Marahaba mwanangu. Bomba lilikuwa la chuma, kweli. Inteki sikuigusa.

Pwani4x4

Nipo Mombasa, na ninataka kuongeza juu ya moto, kwa sababu nililipia somo hilo. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilichukua inteki yangu na kuiweka juu ya makaa kama muhogo. Masizi yaliondoka, siwezi kukataa, ila iliporudishwa ilivuja. Tulipoweka rula ya chuma juu ya uso wa gasketi tukaona mwanga ukipita katikati. Alumini huyeyuka ikifika nyuzijoto 660, lakini huanza kulegea na kujipinda mapema zaidi ya hapo, na makaa yanayopulizwa upepo yanafika joto hilo bila shida. Bomba la chuma tupu ndilo pekee ambalo ningeliruhusu lipitishwe motoni, nalo liachwe lipoe lenyewe, lisimwagiwe maji.

Kuhusu makopo, kuna namna mbili za kuyatumia na watu huzichanganya. Kupuliza kwenye kifaa kilichofunguliwa ni sawa, ingawa utamaliza makopo kadhaa kwa kazi ambayo lita chache za mafuta ya taa zingeifanya. Kupuliza mdomoni mwa inteki huku injini ya dizeli ikinguruma ni jambo jingine kabisa. Dizeli haina plagi. Huwasha chochote kinachoungua kwa mgandamizo peke yake, kwa hiyo dawa unayopuliza inakuwa mafuta ya ziada ambayo kompyuta ya gari haiyajui wala haiwezi kuyakata, na injini inaweza kupandisha mizunguko yenyewe huku umeshika kopo. Pia bonge la ukoko likibanduka kwa mkupuo, njia yake ni moja tu, nayo inapita kwenye valvu na pistoni.

FundiMbagala

Pwani4x4 amesema sawa. Ninaongeza kwamba dawa ya kopo ninaiheshimu kwa kazi moja: pini ya valvu ya EGR, pale inapokaa kwenye kiti chake. Pulizia, acha dakika kumi, zungusha kwa kijiti cha mbao, rudia. Lakini valvu ikiwa ya umeme usiiloweke nzima kwenye kitu chochote. Ielekeze upande wa mota juu na upande wa masizi chini, ili uchafu usitiririke kuelekea kwenye mota, wala usiisukume pini kwa nguvu ya bisibisi, kwa sababu ndani kuna gia ndogo.

Thika_Injekta

Hapa Kenya, gereji za injekta huwa na tangi dogo linalosafisha kwa mawimbi ya sauti, mengi yakiwa ya kilohezi 40, lenye maji ya moto na sabuni maalumu. Kwa valvu ya EGR iliyotenganishwa na mota yake, sijaona kinachoifikia: mawimbi yanaingia hadi kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Inteki haitoshei humo, kwa hiyo usijisumbue kuibeba. Nanyi mnaofikiri kuloweka injekta zenyewe nyumbani na kuzisugua ncha, acheni. Matundu yake ni membamba sana, na mkwaruzo mmoja unabadilisha mnyunyizo wa mafuta.

Bi_Tumaini

Naomba kuuliza: petroli haijatajwa, na mafundi wa mtaani kwetu wote wanaoshea petroli. Kwa nini?

DadaKemia

Wanaitumia kwa sababu inakata mafuta haraka na inakauka haraka, na kukauka huko ndiko hatari yenyewe. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi 40 hasi, tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la jirani. Mafuta ya taa yanahitaji kufika kama nyuzijoto 38 ndipo mvuke wake uweze kushika moto. Hiyo si nafuu kubwa kwa Dar ya mwezi wa pili. Karai likiachwa juani saa nane mchana limeshafika huko. Kwa hiyo lifunike, liweke kivulini, mbali na jiko na mbali na watoto, kwa kuwa mafuta ya taa kwenye chupa ya maji yamekwisha kuua watoto wengi.

Mzee_Msanvu

Mimi sasa ninaendesha Land Cruiser ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, na ya kwangu haina EGR. Nawasoma kama mtu anayesikiliza ugonjwa wa nyumba nyingine.

Kigamboni_Dizeli

Wakuu, narudi na majibu. Sumaku ilinasa kwenye bomba na haikunasa kwenye inteki, kwa hiyo nilizigawa kazi kama mlivyoshauri. Katika inteki nilichota kwanza, na uji uliotoka ulijaza kopo la maziwa ya unga la gramu 400 hadi karibu na mdomo. Niliiloweka saa 24, nikabadilisha mafuta ya taa mara moja, na baada ya maji ya moto na sabuni nikaona rangi ya kijivu ya alumini ambayo sikuwa nimeiona kabla. Bomba nililitia kostiki kwa saa tatu nje ya uzio; ukoko ulitoka kama maganda ya mti. Valvu nilitumia dawa ya kopo, kopo moja na nusu. Mafuta machafu sikuyamwaga, kwa sababu kisima chetu kiko hatua chache kutoka barazani. Nimeyatia kwenye dumu na nitampa mkusanyaji wa oili chafu.

Milango ya hewa kwenye silinda hedi bado ina masizi. Nilifanya silinda moja baada ya nyingine, nikizungusha injini kwa spana mpaka valvu za kuingiza hewa za silinda ile zikafunga, nikakwangua kwa mbao na kunyonya uchafu kwa mashine ya kufyonzea vumbi. Kwa ile ya nne sikufika hadi ndani, nimeiacha hivyo.

Gasketi zote nimeweka mpya. Gari limewaka, moshi mweusi umepungua sana, na kupanda daraja la Nyerere silazimiki tena kurudi gia ya pili. Taa ya injini iliendelea kuwaka siku mbili, hadi nilipoing'oa tena ile sensa ya juu ya inteki na kugundua kwamba kitundu chake kilikuwa kimezibwa. Nilikuwa nimeitunza salama nikasahau kuisafisha.

Swali moja limebaki. Nimebakiwa na boliti moja, fupi, kichwa cha kumi na mbili, na gari linatembea vizuri bila yake.

FundiMbagala

Hiyo bila shaka ni ya kishikio cha bomba la EGR, nyuma na chini, ambako haionekani mpaka uingize mkono. Irudishe kesho. Bila kishikio bomba linatikisika, na kwa kawaida linapasukia kwenye shingo, pale lilipochomelewa.